Alipisha, Akazama: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Njia ya Mbao Kinamasini

## Kuhusu kisa hiki

Asubuhi moja ya mwishoni mwa Oktoba, katika hifadhi ya mazingira asilia iliyo kwenye ukanda wa Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, mwanamke aliyekuwa akitembea na wenzake saba alishuka kutoka kwenye njia ya mbao ili kuwapisha watu waliokuwa wakija kutoka upande wa pili, akazama hadi kiunoni. Alitolewa, akatibiwa siku hiyohiyo, na sasa ni mzima. Kwa kipimo cha madhara, kisa hiki ni kidogo. Nimekichagua kwa sababu hakuna hata mmoja ndani yake aliyefanya jambo la kipuuzi, na kwa sababu maelezo ya haraka yaliyotolewa baada ya tukio, kwamba mhusika hakuwa mwangalifu, hayaelezi chochote.

Maelezo haya yametokana na mazungumzo na kiongozi wa kundi, mhusika mwenyewe, mmoja wa wapigapicha waliokutana nao njiani, na mhifadhi anayesimamia njia hiyo. Jina la hifadhi halitajwi, watu wamepewa herufi au wametajwa kwa nafasi zao, na umbali umekadiriwa kwa kiasi kisichobadilisha mantiki ya maamuzi yaliyofanyika.

## Mahali penyewe

Kinamasi kilichoinuka ni tofauti na vinamasi vya kandokando ya mito na maziwa. Hakilishwi na mto, chemchemi wala maji ya ardhini. Maji yake yote hutoka angani, yakiwa mvua au theluji. Kwa maelfu ya miaka mimea midogo laini isiyo na mizizi, iitwayo sfagnamu, humea juu ya mabaki ya vizazi vyake vilivyotangulia, na kwa kuwa maji yaliyotuama hayana hewa ya kutosha na yana tindikali, kiasi kwamba pH yake hukaribia 4, mabaki hayo hayaozi yakaisha bali hugeuka kuwa piti. Piti hujilimbikiza kwa wastani wa takriban milimita 1 kwa mwaka. Kinamasi kilichoanza baada ya barafu ya Enzi ya Barafu iliyopita kuyeyuka kinaweza leo kuwa na piti yenye unene wa mita kadhaa, na katikati yake kikawa juu kuliko kingo zake, kama mgongo wa kobe.

Mtu akiambiwa kwamba anapanda mgongo, hutarajia kufika pakavu. Hapa hafiki. Piti iliyolowa ni maji kwa takriban asilimia 90 ya uzito wake, na sfagnamu hai inaweza kushika maji yenye uzito wa mara 15 hadi 20 ya uzito wake ikiwa kavu. Anayesimama katikati ya kinamasi amesimama juu ya maji yaliyofungwa na mimea.

Uso wake nao hauko sawasawa. Kuna vinundu vilivyoinuka kidogo, vyenye sfagnamu nyekundu au ya hudhurungi iliyoshikana, vichaka vifupi vya kaluna, na misonobari iliyodumaa ambayo inaweza kuwa na umri wa miongo mingi bila kuzidi kimo cha mtu. Kati ya vinundu kuna mabonde madogo yaliyojaa maji, na juu ya maji hayo huelea sfagnamu ya aina nyingine, laini, yenye rangi ya kijani inayong'aa. Kisha kuna vidimbwi vya maji meusi ambavyo kingo zake si udongo, bali ni zulia la mimea linaloning'inia juu ya maji. Kwa jicho la mgeni, kinundu chenye vichaka huonekana kikwazo, na uwanja wa kijani huonekana kama nyasi zilizofyekwa vizuri. Ukweli ni kinyume: kadiri uso ulivyo bapa na wa kijani kibichi, ndivyo maji yalivyo karibu. Msomaji alishike jambo hili, maana kisa chote kinaliegemea.

Njia za mbao za kupitia mahali kama hapa ni nyingi katika eneo hilo na kwingineko Ulaya: ipo ya kinamasi cha Viru katika Hifadhi ya Taifa ya Lahemaa nchini Estonia, zipo za Ķemeri nchini Latvia, na ipo ya Clara nchini Ayalandi. Hifadhi ya kisa chetu si miongoni mwa hizo, ila imejengwa kwa mtindo uleule. Njia yake ni mzunguko wa takriban kilomita 5, ambapo kilomita 3 hivi ziko juu ya mbao. Sehemu ya mwanzo, inayopita katika msitu wa kingoni, ina upana unaowatosha watu wawili kupishana kwa raha. Sehemu ya katikati, ambayo ndiyo ya zamani, ina mbao mbili tu zilizolazwa sambamba, na jumla ya upana wake ni kama sentimita 50. Haina vishikio pembeni. Katika sehemu hiyo nyembamba kulikuwa na majukwaa mawili ya kupishana, na mbele zaidi kuna mnara wa kutazamia.

Mlangoni kulikuwa na kibao kilichowaomba wageni wasishuke kwenye mbao kwa kuwa mimea ya kinamasi huharibika kwa urahisi. Kibao hicho hakikutaja sababu nyingine yoyote.

## Watu na mpango wao

Kundi lilikuwa la watu wazima wanane, wanachama wa klabu ya matembezi. Kiongozi wao alikuwa na uzoefu wa miaka mingi milimani, na aliwahi kuipita njia hii mara moja, wakati wa kiangazi, siku ya kazi, pasipo kukutana na mtu. Uzoefu huo ulimsaidia baadaye, lakini pia ulimpotosha: alikuwa ameiona njia, hakuwa ameiona ikiwa na watu.

Mpango ulikuwa kuondoka kwenye maegesho kabla ya mapambazuko na kuwa mnarani jua linapochomoza, jambo ambalo katika ukanda huo mwishoni mwa Oktoba, kabla ya saa kurudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, hutokea baada ya saa mbili asubuhi. Siku mbili kabla, kiongozi aliwaandikia wenzake wavae viatu visivyopitisha maji, wabebe glavu, chupa ya chai ya moto, na nguo moja kavu ya juu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wote walitii, na utii huo una sehemu yake katika matokeo.

Gari moja lilipotea njia, kundi likachelewa. Walipoanza kutembea ilikuwa saa mbili na nusu na jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Hakuna aliyewaza kwamba kuchelewa huko kungebadilisha kitu kingine zaidi ya kukosa rangi za alfajiri. Kumbe kulibadilisha mwelekeo wa watu wote njiani: waliotangulia kuwahi jua sasa walikuwa wanarudi.

## Tukio kwa mfuatano

Usiku ule mbingu zilikuwa wazi na joto lilishuka chini ya sifuri. Ndani ya msitu mbao zilikuwa na unyevu tu, lakini mara walipotoka kwenye miti walikuta sakitu, yaani umande ulioganda. Vinamasi vya aina hii hupata baridi kali ya usiku kuliko ardhi inayovizunguka, kwa kuwa tabaka la juu la sfagnamu, likikauka kidogo, huwa kama blanketi linalozuia joto la chini lisifike juu, na uwanja ulio wazi hupoteza haraka joto lililobaki. Mbao zilizoinuliwa juu ya uwanja huo hupoa upande wa juu na wa chini. Kiongozi aliona utelezi, akawaambia wenzake wafupishe hatua na watembee bila haraka. Hilo lilikuwa sahihi, ila lilikuwa na tokeo ambalo hakulikusudia: watu walikaribiana, mmoja nyuma ya mwingine, karibu hatua moja tu kati yao.

Saa tatu kasorobo, wakiwa wametembea takriban kilomita 1.2, waliona watu katika ukungu mbele yao. Walikuwa wapigapicha wasiopungua kumi, wenye mifuko mizito na vishikilia-kamera vya miguu mitatu mabegani, nao pia wakiwa wamefuatana kwa karibu. Makundi mawili yakasimama uso kwa uso juu ya mbao mbili.

Jukwaa la karibu la kupishana lilikuwa mita 40 hivi nyuma ya wapigapicha. Walikuwa wamelipita dakika moja tu kabla. Lile la upande wa pili lilikuwa mita 150 nyuma ya kundi letu. Mpigapicha niliyezungumza naye alikiri kwamba alilikumbuka jukwaa baadaye, alipokuwa garini. Pale njiani, watu kumi kugeuka na kurudi nyuma kwa ajili ya watu wanane halikuwa wazo lililomjia mtu.

Kiongozi alisema, "Tuwapishe." Alimaanisha kwamba watu wageuke ubavu na kuegemea nje kadiri wawezavyo. Watatu wa mbele walielewa kwamba washuke, na kwa kweli hapakuwa na namna nyingine ya kutekeleza neno hilo kwenye mbao za upana ule, mtu akiwa na begi mgongoni. Wa kwanza, Bw. B, alikanyaga kinundu chenye kaluna, kikamshika. Wa pili alisimama kwenye shina la msonobari mdogo, likamshika. Wa tatu, Bi. A, mwenye umri uliozidi miaka 60, hakutaka kukanyaga vichaka. Alikuwa amesoma kibao cha mlangoni na aliona aibu kuharibu mimea. Akachagua uwanja wa kijani bapa ambao, kwa maneno yake, "ulionekana hauna cha kuvunjika."

Mguu wa kwanza ulipita kwenye zulia bila kizuizi. Alipoegemea wa pili ili ajinasue, nao ukapita.

Bw. B aliruka kurudi kwenye mbao ili amshike mkono, akateleza kwenye sakitu na kuumia goti. Mtu mwingine wa nyuma alishuka ili amsukume kutoka chini, akazama hadi magotini. Hapo ndipo kiongozi alipopaza sauti mtu yeyote asishuke tena. Aliyezama magotini alivutwa juu, watu wawili walilala kifudifudi kwenye mbao, na wapigapicha wakatoa vishikilia-kamera vyao, ambavyo vililazwa juu ya zulia la mimea mbele ya Bi. A ili apate cha kuegemeza kifua. Aliambiwa asivute miguu kwa nguvu moja kwa moja bali aitikise polepole kila mmoja, ili maji yaingie kuzunguka mguu na kuondoa ile nguvu inayofyonza. Baada ya dakika nne hivi alikuwa amelala juu ya mbao. Kiatu kimoja kilibaki chini.

Alivuliwa begi, akavishwa koti kavu la kwake na soksi za mwenzake. Suruali kavu haikuwepo kwa mtu yeyote. Wapigapicha wakasubiri atulie, kisha wakapita mmojammoja huku kundi likiwa limepiga magoti pembeni mwa mbao, jambo lililowezekana kabisa na ambalo lingewezekana tangu mwanzo.

Kundi likaendelea mbele. Walipofika mnarani, baada ya takriban dakika 25, Bi. A alikuwa akitetemeka mfululizo, maneno yake yamekuwa mazito, na vidole havikuweza kufungua zipu. Kiongozi alipiga 112, namba ya simu ya dharura. Opereta aliuliza walipo. Jibu lao, kwamba wako kinamasini kwenye mnara, halikutosha, kwa kuwa hifadhi ile ina minara zaidi ya mmoja. Mpigapicha mmoja aliyebaki mnarani alinyoosha kidole kwenye kibati chenye namba kilichopigiliwa kwenye nguzo. Vibati vya aina hiyo vilikuwa kila baada ya mita 200 tangu mwanzo wa njia, na watu wote wanane walikuwa wamevipita bila kuviona.

Opereta aliwaelekeza wasirudi wala wasimalize mzunguko, bali wafuate tawi la njia linaloelekea barabara ya huduma, mita 700 kutoka mnarani. Waokoaji walikutana nao huko.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kupisha, haukuwa uamuzi kwa maana ya mtu kupima mambo mawili na kuchagua moja. Ulikuwa adabu. Milimani, alikozoea kiongozi, mwenye nafasi ya kusogea husogea, na ardhi ya pembeni huwa ni ardhi. Nilipomuuliza kwa nini hakuwaomba wapigapicha warudi mita 40, alijibu kwamba hakujua kama kulikuwa na jukwaa, na kwamba hata angejua asingethubutu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na mizigo. Jibu hilo nimelitafakari mara nyingi. Lina heshima ndani yake, na ndilo lililomwingiza Bi. A majini.

Uamuzi wa pili, wa kuwazuia wengine wasishuke na kuwalaza watu kwenye mbao, ulichelewa kwa nusu dakika, lakini ulikuwa wa kiongozi hasa. Alieleza kwamba alikumbuka mafunzo ya barafu ya ziwa: anayeokoa hulala ili uzito wake usambae, na humfikishia mzamaji kitu badala ya mkono.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kuendelea mbele badala ya kurudi. Sababu alizozitoa wakati ule zilikuwa tatu: Bi. A mwenyewe alisema yu mzima na asingependa kuwaharibia wenzake safari. Mnarani kungekuwa na mahali pa kukaa. Na kurudi kulimaanisha kuwafuata wapigapicha kwa nyuma kwenye mbao zilezile. Kuna sababu ya nne ambayo aliitaja baada ya kitambo, naye alistahili heshima kwa kuitaja. Aliona haya. Kurudi kungefanya lililotokea lionekane kubwa.

## Matokeo

Waokoaji walipima joto la mwili la Bi. A, likawa nyuzi 34.6 za Selsiasi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 huhesabiwa kuwa limeshuka kwa kiwango cha hatari, ingawa kiwango chake kilikuwa cha mwanzo. Alipashwa joto garini, akaangaliwa hospitalini kwa saa chache na kuruhusiwa jioni. Bw. B alichechemea kwa wiki mbili.

Kinamasi nacho kilikuwa na jeraha lake. Mhifadhi alinionyesha picha za kiangazi kilichofuata: mahali walipokanyaga watu wanne kwa dakika chache tu, mashimo manne yaliyojaa maji yalikuwa bado wazi, na kinundu cha Bw. B kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Sfagnamu hukua taratibu, na mgandamizo wa mguu hufunga nafasi ndogondogo zinazoshika hewa na maji, hivyo alama ya kiatu kimoja inaweza kuonekana kwa miaka.

## Uchambuzi: kibao kilichosema nusu

Nianze na kibao, kwa kuwa naamini ndicho kiini, ingawa hakuna aliyekilaumu siku ile. Kilitoa katazo sahihi kwa sababu ya kweli. Tatizo ni kwamba sababu hiyo ilikuwa moja, na ilikuwa ya maadili. Mgeni aliyeisoma alielewa kwamba kushuka ni kukosa adabu kwa mimea. Kisha akakutana na hali ambayo kutoshuka kungekuwa kukosa adabu kwa watu. Adabu mbili zilipogongana, iliyokuwa na macho na sauti ilishinda. Zaidi ya hayo, sababu ya mimea ndiyo iliyomwelekeza Bi. A kwenye kijani badala ya vichaka. Mtu aliyekitii kibao kwa moyo zaidi kuliko wenzake ndiye aliyezama, na wawili waliokanyaga vichaka bila kujali walibaki wakavu.

Laiti kibao kingesema pia kwamba pembeni mwa mbao hakuna ardhi, suala lingegeuka kutoka kwenye adabu na kuwa usalama, na kwa usalama watu hukubali kurudi mita 40 bila kuona haya. Hii ndiyo tofauti kati ya njia ya mbao ya kinamasini na njia nyingine za matembezi. Kwenye mlima au msituni, njia ni sehemu rahisi zaidi ya ardhi iliyopo. Kinamasini, mbao ndizo ardhi yote iliyopo, na kila sentimita inayotolewa kwa mtu mmoja hutoka kwa mwingine. Kupishana, ambako kwingine ni jambo dogo la njiani, hapa kunapaswa kupangwa kabla watu hawajaonana.

## Uchambuzi: hofu isiyo sahihi na baridi iliyo sahihi

Katika dakika zile nne, watu wote waliozungumza nami waliogopa jambo moja, kwamba Bi. A angemezwa mzimamzima kama katika hadithi. Hofu hiyo iliwafanya wavute kwa nguvu na kukimbilia kushuka. Kwenye zulia lililofungamana, ambako mtu amezama hadi kiunoni na mikono yake iko huru juu ya mimea, hatari iliyo karibu zaidi ni baridi na uchovu. Mshtuko wa maji baridi hukata pumzi katika dakika ya kwanza. Baada ya hapo vidole na mikono hupoteza nguvu ya kushika, mapema sana kabla ya mtu kupoteza fahamu. Kidimbwi kilicho wazi ni jambo jingine: humo mtu anaweza kuzama maji, na ukingo unaokatika kila anapoushika humzuia kutoka. Bi. A alikuwa mita 2 hivi kutoka kwenye kidimbwi cha namna hiyo. Ukungu ulikificha.

Hofu ya kumezwa ilipoisha, mara tu alipofika juu ya mbao, watu waliona hatari imekwisha. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipoanza. Suruali iliyolowa, mguu mmoja bila kiatu, upepo mdogo wa uwandani na mwendo wa polepole kwa sababu ya sakitu vilitosha kushusha joto la mwili katika dakika 25. Kauli ya "mimi ni mzima" ilipokelewa kama taarifa, ilhali mtu anayepoa, na hasa mtu mwenye haya ya kuwasumbua wenzake, ndiye shahidi asiyefaa wa hali yake mwenyewe. Saa ya kupiga 112 ilikuwa ileile aliyotolewa, na kama wangepiga wakati huo wangeelekezwa kwenye barabara ya huduma mapema, bila kusimama mnarani.

Je, kurudi kungekuwa bora kuliko kuendelea? Kiongozi anaamini hivyo na hujilaumu. Mimi siamini. Kurudi kulikuwa kilomita 1.2, kuendelea hadi barabara ya huduma, kupitia mnarani, kulikuwa kilomita 1.3 hivi. Kosa halikuwa mwelekeo, bali kuchagua mwelekeo bila kujua njia za kutokea. Ramani ya mlangoni ilionyesha barabara ya huduma kwa mstari mwembamba wa kijivu, na kundi zima lilikuwa limeipiga picha kwa simu.

Lililofanya kazi ni lile dogo la siku mbili kabla: nguo kavu ndani ya plastiki. Daktari alimwambia Bi. A kwamba koti lile lilimwokoa na hali mbaya zaidi. Orodha ya kiongozi ilikuwa na upungufu mmoja tu, nao ni wa kueleweka: huko milimani watu hulowa kutoka juu, kwa mvua, ndiyo maana aliagiza nguo ya juu. Kinamasini mtu hulowa kutoka chini.

## Hifadhi ilichobadilisha, na ilichokataa kubadilisha

Pendekezo la kwanza lililotolewa na watu wengi lilikuwa kupanua mbao za sehemu ya katikati. Mhifadhi alilikataa, na nadhani alikuwa sahihi. Mbao pana hutupa kivuli kwenye mimea inayohitaji mwanga, huhitaji mihimili mizito, na uzito huo hubebwa na kitu ambacho ni maji kwa sehemu kubwa. Uso wa kinamasi hupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kulingana na majira, ukijaa maji na kupungukiwa. Njia nyepesi huelea nao, njia nzito huzama. Jambo hili si geni. Huko Corlea nchini Ayalandi, mwaka 148 KK, watu walijenga barabara ya magogo ya mialoni kuvuka kinamasi, pana kiasi cha kupitisha magari ya magurudumu, na inakadiriwa kwamba ilizama ndani ya miaka 10 hivi. Ilihifadhika vizuri hadi leo kwa sababu ilizama.

Badala yake yaliongezwa majukwaa manne ya kupishana, kila moja likionekana kutoka kwenye jingine siku isiyo na ukungu, na kila jukwaa likawekwa namba kubwa ileile inayotumiwa na waokoaji. Mbao za sehemu ya wazi zilipigiliwa wavu wa waya, ambao hauzuii sakitu lakini huupa unyayo kitu cha kushika. Kibao cha mlangoni kiliandikwa upya: sentensi ya kwanza sasa inasema kwamba pembeni mwa mbao kuna maji yaliyofunikwa na mimea, ya pili inasema kwamba aliye karibu na jukwaa ndiye anayerudi, na mimea inatajwa katika ya tatu. Wapo walionung'unika kwamba hifadhi imeishusha mimea daraja. Mhifadhi aliniambia kwamba tangu kibao kibadilishwe nyayo mpya kandokando ya mbao zimepungua sana, ingawa hana hesabu rasmi na hakutaka nimnukuu kana kwamba anayo.

Njia pia ilifanywa ya mwelekeo mmoja, kwa mishale. Hatua hii imefaulu kwa wageni wa mchana tu. Wanaoingia kabla ya mapambazuko bado hurudi walikotoka, kwa sababu kutoka mnarani maegesho ni karibu zaidi kwa njia ya nyuma kuliko kwa kumaliza mzunguko, na vidole vinauma kwa baridi. Mhifadhi ameacha kubishana nao. Ameweka benchi kwenye jukwaa lililo mwanzo wa sehemu nyembamba, upande wa mnarani, na kibao kidogo kinachowaomba wanaorudi waketi hapo wasikilize kwanza, kwa kuwa asubuhi ya ukungu hatua za watu kwenye mbao husikika kabla watu wenyewe hawajaonekana.